Gari la spoti Nyanda za Juu: kabla hujaliongeza nguvu

Hongera kwa gari. Mimi ni fundi, gereji yangu iko upande wa Uyole hapa Mbeya, na vijana wanaokuja na Impreza, Altezza, Forester ya turbo au Mark X iliyotoka bandarini juzi wana swali moja: "Fundi, tunaliongezaje nguvu?" Kabla ya kujibu huwa nauliza la kwangu: zile nguvu lilizotoka nazo kiwandani unazo zote? Wengi hawana, na hawajui kama hawana.

Tuanze na hewa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mbeya mjini uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huku ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu. Hewa ikipungua, nguvu nazo zinapungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Altezza RS200 ya gia ya mkono iliandikiwa hosipawa 210. Kwetu, hata ingekuwa imetoka kiwandani leo, unaendesha 170 na kitu. Ukipanda nayo milima ya kwenda Chunya zinashuka tena. Kwa hiyo mtu aliyelijaribu gari lake Dar, akalipandisha huku, akaona halivuti, anaanza kununua vitu: plagi mpya, pampu ya petroli, sensa ya oksijeni, kila fundi na lake. Gari halina ugonjwa wowote. Kama huna turbo, lipokee hilo mapema, uokoe hela yako kwa mambo yanayofanya kazi.

Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, inauficha upungufu huo, haiuondoi. Nikupigie hesabu, maana ukiielewa hii hutadanganywa na mtu. Saa ya turbo kwenye dashibodi inasoma presha iliyozidi ile ya nje. Ikisoma bar 1 ukiwa Dar, ndani ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) kuna bar 2: moja ya Mungu, moja ya turbo. Ikisoma bar 1 hapa Uyole, ndani mna 1.8 tu, kwa sababu ile ya Mungu ni kama 0.82. Sasa kijana anataka zile bar 2 kama za rafiki yake wa Dar. Ili azipate, saa yake itabidi isome karibu 1.2, na turbo itaikandamiza hewa mara 2.4 badala ya mara 2. Inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Hewa ya moto inafanya petroli iwake kabla ya wakati wake, na hapo pistoni zinaanza kuumia. Turbo ndogo ya kiwandani iliyokwishazunguka kilomita 150,000 Japani, ukiiomba hiyo kazi kila siku, shafti yake italegea na utaanza kuona moshi wa bluu.

Kwa hiyo namba ya rafiki yako wa Dar si namba yako. Kila kitu utakachofanya huku kipimwe huku.

Kwanza ujue ulinunua nini

Tafuta karatasi ya mnada ya Japani. Aliyekuagizia gari anayo, au anaweza kuipata. Akikuzungusha, hilo nalo ni jibu. Alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali likarekebishwa. Siyo lazima liwe bovu, lakini chesisi ikaguliwe kabla hujaanza kufikiria mwendo.

Halafu soma bamba la chesisi, usisome nembo. Nembo ya STI inauzwa madukani. Impreza ya kizazi cha mwaka 2000 hadi 2007 ikiwa imeandikwa GDA ni WRX ya kawaida, ya gia tano kama ni ya mkono. GDB ndiyo STI, ya gia sita. Tofauti yake si ya kujivunia kwenye picha. Gia boksi ya gia tano haipendi ubabe: ukiongeza msuli wa injini halafu ukawa unaondoka kwenye taa za Mafiati kwa kuiachia klachi ghafla, meno ya gia yatakatika. Ya gia sita inavumilia zaidi sana. Ukijua una ipi, utajua mpaka wako.

Na angalia kama mwenyewe wa kwanza hakuwahi kulichokonoa. Magari haya huko Japani yalikuwa ya vijana kama wewe. Unakuta kijisanduku cha taima ya turbo chini ya usukani, mpira wa vakyumu umeingiziwa skrubu ya kuongeza presha, bomba la moshi si la kiwanda, au kontrolo boksi (kompyuta ya injini) imeshaandikwa upya kwa petroli ya kwao. Japani petroli ya daraja la juu inafika oktani 100. Ukifungua kifuniko cha tangi la STI utakuta wameandika kwa Kijapani kwamba litumie hiyo. Ya kwetu haifiki hapo. Gari lililopangiwa petroli ile likinyweshwa hii, huku limeongezwa presha kwa siri, linakufa bila mtu kuligusa, na mwenyewe anasema "Subaru ni magari mabovu".

Lirudishe kwenye hali yake

Pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaikandamiza hewa. Hapa niseme jambo linalowagharimu watu huku kwetu: kitabu cha kiwanda kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kikisema bar 12, geji yako hapa Mbeya inaweza kusoma 10 na injini ikawa nzima kabisa. Kuna watu wamefunguliwa injini, wakabadilishiwa ringi, kwa sababu tu fundi alishika kitabu akasahau mlima. Unachotafuta ni silinda zote kukaribiana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, hapo ndipo pa kuulizia. Pima injini ikiwa ya moto, betri ikiwa imejaa, plagi zote zimetolewa, mafuta yamezimwa, na mtu amekanyaga pedeli ya mwendo hadi chini. Pedeli isipokanyagwa unapima uwongo.

Mkanda wa taimingi wa EJ20, injini ya hizi Subaru za turbo, unabadilishwa kila kilomita 100,000, na usiamini odomita. Kama hakuna stika wala risiti, uhesabu kuwa haujabadilishwa. Kwenye hizi injini za kemu nne mkanda ukikatika valvu zinagongana, na hapo unanunua kichwa. Badilisha na vipuli vyake na pampu ya maji kwa mkupuo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

Legacy GT na ndugu zake za turbo zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu) zina kitu kidogo ambacho ukikishika mkononi utashangaa. Bomba la oili linaloenda kwenye turbo limefungwa kwa bolti yenye tundu, na ndani ya bolti kuna kichujio cha wavu, chembamba, hakifiki ukubwa wa ncha ya kidole. Oili ikicheleweshwa kumwagwa, wavu unaziba kwa masizi meusi. Turbo inakosa oili, inakufa, vipande vyake vinazunguka na oili hadi kwenye beringi, injini inanoki. Mtu anafunga turbo nyingine kwenye bolti ile ile iliyoziba, inakufa tena. Fungua, tazama, safisha au weka mpya. Kazi ya saa chache.

Oili: pima kila unapojaza tangi, gari likiwa limesimama tambarare na limepoa. EJ20 inakula oili kidogo kidogo na haikuambii mpaka taa ya presha iwake, na taa hiyo ikiwaka kwenye injini ya turbo ujue umeshachelewa. Nunua kwenye duka unaloweza kulirudia kugombana. Oili ya bei ya kushangaza iliyofungwa upya kwenye galoni zenye jina kubwa ipo, na turbo ndiyo ya kwanza kuitambua.

Maji ya bomba kwenye rejeta hapana. Kwa urefu huu maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Kinachokuokoa ni presha iliyomo ndani ya rejeta, na presha hiyo inashikwa na kile kifuniko cha rejeta ambacho wengi hawajawahi kukibadilisha. Weka kifuniko kipya cha namba sahihi na kuleni (maji maalumu ya rejeta) ya kweli. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika makala hii.

Breki na matairi, na hapa sitaki haraka

Mtu akinijia na hela ya kutosha jambo moja, namwambia breki. Anasikitika, lakini hatuishi kwenye tambarare za Dodoma. Ukitoka hapa kwenda Mbalizi unakutana na mteremko wa Iwambi. Ukienda Iringa hadi Moro una Kitonga, malori ya Zambia na Kongo yakiwa mbele na nyuma yako. Ukienda Tukuyu una ukungu na mvua. Gari jepesi la hosipawa 250 linafika kwenye kona na mwendo ambao breki zake zilizochoka hazijawahi kuambiwa.

Mafuta ya breki yanafyonza unyevu hewani. DOT 3 mpya inaanza kuchemka kwenye nyuzijoto 205 kwenda juu. Ikishafyonza maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Breki ukizishikilia Kitonga nzima, joto linafika huko. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, pedeli inazama mpaka kwenye zulia, na hupati kitu. Kwa hiyo: mwaga yale ya zamani yote, weka DOT 4 au 5.1, toa hewa magurudumu yote manne, rudia kila baada ya miaka miwili. Usichanganywe na DOT 5 tupu. Hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi. Baada ya hapo pedi za kampuni inayoeleweka na diski zilizonyooka. Mabreki makubwa ya rangi nyekundu yatasubiri, na pengine hutayahitaji kabisa.

Kushuka ushuke na gia. Gari la gia ya mkono, gia uliyopandia ndiyo ushukie. Mark X na Crown zina M au S pale kwenye gia. Vuta, teremsha, iache injini ishike gari. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo kisha uiachie ipoe, usiiburuze.

Tairi lina namba nne ubavuni, ndani ya kiduara cha yai: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililokaa yadi Japani, likakaa melini, likakaa bandarini, linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokwishakauka. Angalia pia herufi ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Sikwambii ufike huko. Nakwambia tairi lenye herufi ya chini limejengwa laini zaidi na joto linalimaliza mapema.

Kwa wenye Subaru: matairi manne, aina moja, yamelika sawa. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili ya zamani nyuma, mzunguko wao hautalingana na difu ya katikati itakuwa inafanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka ya Igawa. Inachemka, inakufa. Kununua mawili mawili kwa kubana matumizi ndiyo gharama kubwa.

Shokapu na bushi nzuri zitakupa gari jingine kabisa, kabla hujaongeza hata hosipawa moja. Kulishusha gari ni suala lako, ila fikiria matuta ya vijiji vyote hadi Makambako. Kukata springi kwa gurainda usikubali. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na inakuwa ngumu huku shokapu ni ile ile. Kwenye shimo gari linarushwa, na ukiwa kwenye kona linarushwa nje ya barabara.

Sasa nguvu

Ulifika hapa na gari zima? Vizuri, maana sasa kazi inakuwa fupi.

Ea klina ya koni iliyo wazi chini ya boneti inapiga kelele nzuri na inavuta hewa ya moto ya injini. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi letu linapita kwenye hizo za bei rahisi. Ukiitia ile ya kupaka oili, oili ikizidi inaenda kukaa kwenye sensa ya hewa na gari linaanza kusuasua. Boksi la kiwanda na filta safi ya karatasi kwa gari la barabarani inatosha.

Ule mlio wa "pshuu" wa valvu ya kutolea hewa nje: Subaru inapima hewa kabla ya turbo. Hewa iliyokwishapimwa ukiimwaga nje, kontrolo boksi inapeleka petroli ya hewa ambayo haipo. Unapata moshi mweusi na plagi nyeusi, nguvu hakuna. Ni muziki. Kama unautaka muziki, sawa, lakini usiuite nguvu.

Bomba la moshi ni jambo la kweli kwa turbo. Moshi ukitoka kwa urahisi turbo inaamka mapema. Ila usifunge bomba pana ukaondoka tu. Presha inaweza kupanda yenyewe kupita iliyopangwa, kwa sababu mlango wa kupitishia moshi pembeni ya turbo haumudu wingi huo. Bomba na kuandika kontrolo boksi ni kazi moja, zifanywe pamoja. Na liwe na mafla. Ukipita mtaa wa Soweto hapa mjini saa sita usiku unanguruma, wa kwanza kukujua ni trafiki, wa pili ni majirani.

Kuandika upya kontrolo boksi ndiko kunakoleta nguvu kwa gari la turbo, na ndiko kunakoua. Kwa gari lisilo na turbo utapata kidogo sana, usiuze kiwanja. Mtu wa kukuandikia muulize maswali haya. Ataliendesha gari huku juu wakati anaandika, au atakutumia faili kutoka Dar? Ana saa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, ya sensa pana, itakayofungwa kwenye bomba wakati wa kazi? Anasikiliza injini kwa kifaa gani? Ataandika kwa petroli ya kituo gani? Akijibu "usijali bro", panda gari lako uondoke. Anayejua kazi atakuuliza yeye kuhusu kompresheni, umri wa pampu ya petroli na plagi.

Sauti unayoiogopa ni kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo, inatokea ukikanyaga mwendo wakati injini iko chini na gari limelemewa, kwa mfano unaupanda Mlima Nyoka kwa gia ya nne. Ukiisikia achia mguu papo hapo, shusha gia, endesha polepole hadi nyumbani. Kwenye EJ20 zile kingo za pistoni zinazoshika ringi hazina subira. Zikivunjika unarudi kwenye injini ya mtumba. Petroli ya madumu usiiweke kabisa kwenye gari la namna hii, hata ukiwa umeishiwa Chimala. Afadhali uvutwe.

Mambo ya karatasi kwa ufupi. Ukibadilisha injini au rangi, kadi ya gari TRA ibadilishwe pia, la sivyo siku ya kuuza au siku ya ajali utakuwa na gari ambalo si la kadi yako. Kama una bima kubwa, iambie kampuni ulichofunga, kwa maandishi. Mabadiliko yaliyofichwa ni sababu rahisi ya kukataa kulipa. Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na tochi zipo. Anayetaka kukimbia kweli aende Iringa akaulize watu wa mbio za magari. Kule wana barabara zilizofungwa, helmeti na gari la wagonjwa.

La mwisho ni la wale waliofungiwa kile kiskrubu cha mkono cha kuongeza presha, na mmekipangia hapa Mbeya. Kifaa kile hakijui uko wapi. Ukikipanga saa isome 1.2 hapa, injini inapata bar 2. Ukikishusha kilivyo hadi Dar, saa itasoma 1.2 ile ile lakini ndani mtakuwa na 2.2, na joto la pwani juu yake, na kontrolo boksi iliyoandikwa kwa hewa yetu. Kabla ya safari kilegeze saa isome 0.8 na usikiguse hadi utakaporudi kupanda Kitonga. Au kitoe kabisa, uweke solenoidi (valvu ya umeme) ya kiwanda inayotawaliwa na kontrolo boksi. Mimi hicho kiskrubu sikifungi kwenye gereji yangu, hata mteja akileta mwenyewe.